Chupa Ilipopasuka Mapema

Asubuhi ya tarehe ishirini na mbili Desemba, Elibariki alikuwa akipakia gari nje ya nyumba waliyopanga Kariakoo. Duka lake la vitasa alikwisha kulifunga. Kila Krismasi ilipokaribia, alikwenda kwao Moshi na familia yake. Alipanga mabegi, akayatoa, akayapanga upya. Hakujua kutulia.

"Joyceline! Tutakuta foleni Chalinze!"

Mkewe alitoka polepole, mkono kiunoni. Mimba yake ilikuwa ya wiki ishirini na sita, yaani miezi sita hivi. Kanga yake ilikuwa imelowa.

"Mbona umelowa?"

"Maji tu. Yanachuruzika tangu jana jioni. Nadhani mtoto amekandamiza kibofu. Na kiuno kinauma, kinaacha."

"Tukifika, mama atakupikia mtori, ile supu yake ya ndizi. Utakaa sawa."

Jirani yao Sitara alikuwa akifagia kibarazani. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya, na siku hiyo hakuwa na zamu. Aliweka ufagio chini.

"Mama Nice," alimwita Joyceline kwa jina la bintiye wa kwanza, aliyekwisha kutangulia Moshi kwa bibi yake, "hayo maji yana harufu ya mkojo?"

"Hapana. Nikijibana hayakomi."

"Basi chupa imepasuka. Hamwendi Moshi. Mnakwenda hospitali."

"Mama Twaha, hata Moshi kuna hospitali kubwa," Elibariki alimbishia Sitara. "Ni mwendo wa saa kumi tu."

"Na uchungu ukimshika njiani, utamzalisha siti ya nyuma? Wewe unajua vitasa, Baba Nice. Haya niachie mimi."

Joyceline alicheka. Ghafla akashika ukuta. Maumivu yalikuwa yamerudi.

"Sikilizeni," Sitara alisema. "Chupa ni mfuko wa maji anamokaa mtoto. Ukipasuka, vijidudu hupata njia. Mama anaweza kupata maambukizi ya kizazi. Hayo huua. Na mtoto wa wiki hizi, mapafu yake hayajakomaa. Akizaliwa, anahitaji mashine na watu wanaojua kumtunza. Twende hospitali yenye wodi ya watoto njiti, wanaozaliwa kabla ya wakati. Tumpeleke angali tumboni."

Elibariki alishusha mabegi.

Hospitalini, daktari aliuliza maji yalianza lini.

"Jana jioni," Joyceline alijibu.

"Ulipaswa kuja jana jioni. Maji yakitoka, damu ikitoka, au maumivu yakija na kuondoka kabla ya wakati, usingoje kupambazuke."

Alipewa dawa za kuzuia maambukizi. Alipewa pia sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na nyingine kesho yake. Elibariki alikuwa akitembea kwenye korido, aende, arudi.

"Mtoto atapona?" alimuuliza Sitara.

"Siwezi kukuahidi. Lakini kila siku anayokaa tumboni baada ya sindano inamsaidia."

Siku ya tatu alizaliwa mvulana wa gramu mia tisa. Walimwita Aaron. Alipumua kwa msaada wa mashine na kulishwa maziwa ya mama yake, tone kwa tone, kwa mpira mwembamba. Joyceline mwenyewe alipata homa kali. Vijidudu vilikuwa vimefika kwenye kizazi. Alilazwa wodi nyingine, dripu mkononi.

Elibariki alikwenda sokoni, akarudi na mablanketi sita.

"Ya nini haya?" aliuliza muuguzi Swaumu.

"Nimeambiwa baridi huua njiti."

"Ni kweli. Lakini blanketi halitengenezi joto, linatunza lililopo. Huyu hana la kutunza. Vua shati."

"Mimi? Si kazi ya mama?"

"Mama ana homa. Mtoto hajui kifua ni cha nani. Anajua joto."

Alinawa mikono, akaketi. Swaumu akamlaza Aaron kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akawafunga kwa kitambaa. Mtoto alikuwa mwepesi kama hayupo. Simu ilitetemeka mfukoni. Wateja. Elibariki alitaka kuinuka.

"Kaa," Swaumu alisema. "Njiti husahau kupumua. Akisahau, msugue mgongo taratibu, kisha niite."

Siku ya nne ya kumbeba hivyo, kifua kidogo kilitulia. Elibariki alingoja. Hakikuinuka. Midomo ikawa ya bluu.

Alimsugua mgongo kwa kidole. "Nesi! Nesi!"

Swaumu alipofika mbio, Aaron alishtuka, akavuta pumzi. Akavuta na nyingine.

"Umefanya sawasawa," Swaumu alisema, akiangalia mashine. Mkono wa Elibariki ulibaki mgongoni mwa mtoto.

Joyceline alipopona, walipokezana kumbeba. Aaron alipungua uzito kwanza, kisha akajifunza kunyonya, akaanza kuongezeka. Alipimwa ubongo, akapimwa macho. Baada ya wiki kumi na moja alifika kilo mbili, wakaruhusiwa.

"Endeleeni kumbeba kifuani nyumbani," Swaumu aliagiza. "Akigoma kunyonya, akipoa, au akipumua kwa shida, mrudisheni mara moja. Na Mama Nice, ukishika mimba nyingine, wahi kliniki. Sema siku ya kwanza kabisa kwamba ulizaa njiti."

Walipofika getini, Aaron alilia kwa nguvu mpaka mlinzi akageuka.

"Huyo ana njaa," mlinzi alisema.

Joyceline aliketi kwenye benchi, akamweka ziwani. Mtoto alitafuta kidogo, akalikamata, akanyonya mwenyewe. Elibariki alisimama mbele yao, akiwakinga na upepo.