Kamba ya Kupimia Kivuli

Jua lilikuwa limebakiza shubiri moja juu ya vilima vya Nemea, na Stamatis alibakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia picha. Magofu yasipokuwa na mtu kando, ukubwa wa nguzo hauonekani. Lakini kila aliyemsimamisha alijikuna kabla ya hesabu ya arobaini kuisha, akafutika pichani. Evanthia, mkewe, ndiye pekee aliyejua kutulia. Akamweka chini ya nguzo ya mwisho, akamkataza kugeuza shingo mpaka atakapomruhusu; kivuli chake kikalala kirefu majanini.

Kyra Lambrini, bibi aliyekuwa akichuma mboga za mwitu pale, hakupendezwa. Waashi wa kale, alisema, walipotaka jengo lisianguke, walipima kivuli cha mtu kwa kamba, wakaizika kwenye msingi. Mwenye kivuli hakumaliza siku arobaini.

"Mtoe mkeo hapo, mwanangu."

"Mimi napiga picha, Kyra. Sijengi."

Bibi akapiga ishara ya msalaba, akajiondokea.

Stamatis akafungua lenzi. Moja... mbili... tatu... Upepo ukakoma. Hadi arobaini, macho yake hayakuona ila nguzo na mkewe.

Ndani ya hema lake la kusafishia picha, harufu ya dawa ikimchoma pua, akakiosha kioo, akakilaza juu ya kitambaa cheusi. Nguzo ikajitokeza. Kisha Evanthia, safi kabisa.

Kisha mtu wa pili.

Alikuwa amepiga magoti, kamba ameinyoosha toka kisigino cha Evanthia hadi mwisho wa kivuli. Kila kunyanzi la uso wake lilionekana. Kioo hushika kilichotulia tu, na huyu alitulia hesabu nzima.

Stamatis aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akakivunja kioo, akatoka mbio.

Evanthia alikuwa ameketi juu ya jiwe, anajisugua mikono kwa baridi.

"Imetoka?"

"Imeharibika. Twende."

"Pole. Na huyo fundi wako mbona hana salamu? Nimemsikia nyuma yangu: kapima, kafukia, kaenda zake."

"Kafukia wapi?"

Akamwonyesha, nyuma ya pale alipokuwa amesimama. Udongo ulikuwa mbichi. Stamatis akafukua kwa kucha mpaka akagusa kamba. Akaivuta. Ikaja nyingine... na nyingine... Zilikuwa nyingi, na zote mpya.

"Yako ni ipi?" akanong'ona.

"Nitajuaje, mume wangu? Si ulinikataza kugeuza shingo."