Tundu la Bambo

Kila alipotoka shuleni, Clarisse alipitia ghalani kabla ya kwenda nyumbani. Alivua mlangoni viatu vyake vilivyotoboka mbele, akachukua ufagio, akafagia maharage yaliyomwagika kati ya safu za magunia. Baba yake, Matiasi, alikuwa mtunza ghala wa chama cha wakulima pale Keza. Watu walimtania Clarisse kwamba siku moja atamnyang'anya baba yake funguo. Yeye alicheka tu, ila moyoni aliona jambo hilo linawezekana kabisa.

Mwaka ule ghala lilikuwa limebadilika. Zamani maharage yaliingia, na baada ya siku chache lori likaja kuyabeba. Siku hizi malori yalikwama kwenye foleni mpakani Rusumo, na maharage yalisubiri mpaka yakabunguliwa. Msimu uliopita wakulima walilia. Ndipo chama kikaweka chaga za mbao ili magunia yasiguse sakafu, kikanunua kipima unyevu, na mifuko mipya yenye plastiki ndani, isiyopitisha hewa. Mdudu akifungiwa humo hakai, anakufa.

"Mifuko hii mtu asiiguse," alisema Matiasi, akaishia hapo. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Lakini watu wa Keza walizoea kuona kwanza ndipo waamini. Tangu zamani gunia lilichomwa kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, maharage yakateremka kiganjani, mtu akatafuna moja, akaridhika. Kisha tundu lilisuguliwa kwa kidole gumba, nyuzi za gunia zikarudiana, basi. Clarisse aliijua kazi hiyo kuliko watu wazima wengi.

Siku moja rafiki yake Tecla alimwambia, "Mama hana raha. Anasema maharage yake yamefungiwa kama mfungwa. Hajui kama ni mazima."

Mama yake Tecla, Secilia, alikuwa mjane, na gunia lake moja pale ghalani ndilo vuno lake lote. Clarisse alimhurumia sana. Mchana ule baba yake alipotoka nje kuzungumza na mtu wa bodaboda, yeye alichukua bambo ukutani, akalichoma gunia lenye jina la Secilia. Plastiki ikalia paa! Clarisse akashtuka. Akasugua kwa kidole kama ilivyo kawaida. Nyuzi za nje zilirudiana vizuri, lakini plastiki ya ndani haikuwa na nyuzi za kurudiana, na yeye alilijua hilo. Akanyamaza.

Kesho yake alimpa Tecla maharage machache yaliyotoka kwenye gunia. "Mwambie mama yako ni mazima."

Mama Tecla alifurahi, akamtumia ndizi mbivu. Clarisse alizila, lakini hazikushuka vizuri.

Lori lilichelewa, likachelewa tena. Kila siku Clarisse alifagia mbele ya gunia lile bila kulitazama. Hatimaye lori likafika pamoja na mnunuzi, na wanachama wakakusanyika ghalani. Magunia yalifunguliwa moja moja, yote mazima. Lilipofunguliwa la Secilia, vumbi jeupe likaruka, na wadudu wakatambaa kwenye mkono wa Matiasi.

"Mama Tecla," aliuliza mwenyekiti, Mzee Rwekaza, "uliyaleta mabichi?"

"Hapana, Mzee. Niliyaanika mpaka mgongo ukaniuma. Na kipimo kiliyakubali, muulize Matiasi."

"Basi wadudu wametoka wapi? Ghala ni moja, mifuko ni ileile."

"Alichanganya mabovu!" alidakia mtu nyuma. "Atatuharibia jina kwa mnunuzi. Atolewe chamani!"

Wengine wakaunga mkono. Mama Tecla hakulia. Alikuwa akisokota ncha ya kitenge chake, akiisokota na kuiachia. Tecla alisimama mlangoni, macho chini.

Clarisse aliwaza. Akisema, baba yake ataaibika mbele ya wote, na huenda akanyang'anywa funguo. Asiposema, mama wa watu anafukuzwa kwa kosa ambalo si lake.

"Baba," alisema. "Ni mimi. Nililichoma kwa bambo."

Matiasi aliitoa plastiki ya ndani, akaiinua kwenye mwanga. Tundu likaonekana.

"Uliona kwamba imepasuka?"

"Ego, Baba," Clarisse alikubali. "Niliona."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

Matiasi alishusha pumzi. "Tundu hili lilitaka selotepu ya urefu wa kidole tu. Ungeniambia siku ile, ningeliziba, tukasahau."

Kisha akawageukia wanachama. "Gunia langu lipande lori badala ya la Mama Tecla, na malipo yake apewe yeye."

Clarisse aliuma mdomo. Gunia hilo la baba yake ndilo lingemnunulia viatu vipya.

"Tumekukosea, mama," Mzee Rwekaza alimwambia Secilia mbele ya wote. Akamgeukia mtunza ghala. "Na wewe, Matiasi, ulituambia tusiguse. Lakini sababu hukusema. Hata mimi ningeweza kulichoma."

Matiasi aliinamisha kichwa. "Ni kweli, Mzee."

Clarisse alimwendea Mama Tecla, akapiga magoti. "Nisamehe, mama."

Secilia alimwinua. Uso wake ulikuwa bado mkali. "Ulinihurumia, mwanangu, na kwa hilo sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu ni ule ukimya. Kulichoma gunia kulikuchukua dakika moja, lakini kosa ulilificha kila siku ulipokuja kufagia hapa. Ukikosea tena, na utakosea tu kama sisi wote, sema mapema kosa likiwa bado dogo."

Clarisse alilia bila kujificha.

Lori lilipoondoka kuelekea Rusumo, Matiasi alimpa binti yake selotepu. "Kesho wanachama wakija, wewe ndiye utakayewaeleza kwa nini mifuko hii haichomwi."

Clarisse aliitikia. Mlangoni alivaa viatu vyake vilivyotoboka. Tecla alikuwa amesimama nje, akimsubiri waende nyumbani.