Jirani wa Mbele

Jioni ile nilikuwa natafuta sahihi. Nilikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, kalamu, na kisanduku cha wino ambacho wakili wangu, maître Solange, aliniazima kwa ajili ya watu wasiojua kuandika. Binti yangu Simone, wa miaka sita, alinifuata nyuma akiburuta ndala zake.

Mume wangu Israël alikufa kwa homa huko Yahuma, alikokwenda kununua mchele. Miaka miwili baadaye akafa baba yake, papa Hubert, mvuvi wa hapa kwenye maporomoko ya Kisangani. Mwaka mzima ni mimi niliyemwosha na kumlisha uji. Hakuwa mtu wa kusema asante. Lakini kila nilipoingia alijikokota mpaka ukutani, ili nipate pa kukaa kitandani. Alipokufa tukakuta ameandika kwamba mimi ndiye nisimamie mali yake, yule ambaye mahakamani wanamwita liquidateur, na kwamba mahali pake pa kuvulia pawe pa Simone, mjukuu wake wa pekee.

Mahali pa kuvulia kwetu si kiwanja. Ni miti mikubwa iliyosimikwa kati ya mawe, ndani ya maji yanayokimbia, na juu yake vinaning'inia vikapu virefu kuliko mtu. Samaki wanaingia, hawatoki. Kila familia ina pake tangu zamani. Bila pale, binti yangu hakuwa na kitu duniani.

Maître Solange, wakili wa ofisi inayosaidia watu bure, alinipokea bila kuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alinisomea fomu polepole, mara mbili. Alimpa Simone biskuti zake mwenyewe na akanilipia pikipiki ya kurudi. Fomu ilikuwa ya viwanja, maana ya maji haipo. Ilitaka majirani wanne: wa kulia, wa kushoto, wa nyuma na wa mbele. Wote wakubali kwamba mahali palikuwa pa papa Hubert, na kwamba sasa ni pa Simone. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Baada ya hapo, baraza la familia lingempa mahali pale tonton Lionel, mdogo wa papa Hubert.

Kulia alitia sahihi papa Sylvain. Kushoto, mama Marceline, muuza samaki wa moshi. Nyuma ni tonton Lionel mwenyewe.

Mbele hapana mtu. Mbele ni maji tu, yale yanayonguruma.

Nilikuwa nimempigia maître simu. Alikuwa kwenye ukumbi wa mahakama, kelele nyingi. Aliniambia nisiache mstari mtupu, karani atairudisha fomu. Kama hakuna mtu, niandike kilichoko.

Niliandika: maji.

Tonton Lionel tulimkuta anashona kikapu mbele ya mlango wake. Alimwangalia Simone, akacheka.

"Mutoto mwanamuke atapanda juu ya miti na gauni yake? Samaki batacheka mpaka bakufe."

Simone naye alicheka. Nikampa karatasi. Aliisoma akifuata kwa kidole, akafika mstari wa nne, kidole kikasimama.

"Na hapa ni nani aliandika?"

Nikamwambia ni mimi.

"Mbele hatuandikaka," alisema kwa sauti ndogo. "Hata chef ya ukoo haandikake. Futa."

Nikamweleza kwamba karatasi iliyofutwa haipokelewi, na Jumatatu iko kesho kutwa. Nilidhani atanirudishia bila sahihi, maana ingemfaa. Alitazama upande wa mto, akasema kilichoandikwa kimeshaandikwa. Kisha akatia sahihi. Akatoa kitambaa, akamfuta Simone vumbi usoni, akatuambia twende nyumbani upesi, tufunge mlango.

Hakuniambia kwa nini.

Tulifika nyumbani jua linazama. Nililaza mtoto, nikatoka kuzima moto wa nje. Hapo nikasikia harufu. Matope... yale ya chini kabisa, yanayotoka na kikapu kilicholala mtoni mwaka mzima.

Mwanaume alikuwa amesimama nje ya ua.

Sikumsikia akija. Alikuwa amevaa shati jeupe na suruali ya heshima, kama mtu anayekwenda ofisini. Ilikuwa kiangazi, barabara yote vumbi. Miguu yake ilikuwa imelowa.

"Mama Simone," alinong'ona. "Banasema unatafuta jirani wa mbele."

Nilimuuliza ametumwa na nani.

"Jina yangu iko kwa karatasi. Nilikuya kusinye, kutia sahihi yangu."

Nilifikiri, labda maître amemtuma mtu wa serikali. Nilitaka kufikiri hivyo. Mdomo wangu ulisema karibu, kama unavyomwambia mgeni yeyote, na neno lilipotoka tu, nikatamani kulirudisha.

Aliingia polepole. Aliukwepa mguu wangu ili asinilowanishe. Alikataa kiti, akasema kitaharibika. Nikafungua kisanduku cha wino, kikaanza kuniponyoka, na yeye akakishika kwa chini ili kisianguke. Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye mstari wa nne.

Kidole hakikuwa na mistari.

Alama ilikuwa duara nyeusi, laini, kama kokoto ya mtoni.

"Mutoto iko wapi?"

"Analala."

"Bon. Musimwamushe. Nitamusalimia siku ingine. Jirani ni mutu wa kusalimia."

Akatoka. Na alipopita ua...

Maporomoko yalinyamaza.

Nimeolewa hapa miaka minane, sijawahi kukosa sauti ile hata usiku mmoja. Nilisikia mbwa akipumua kwa jirani. Nilisikia damu yangu masikioni. Kisha mto ukaanza tena kunguruma, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Asubuhi nilikuta samaki mlangoni. Capitaine mkubwa, bado anafungua na kufunga mdomo. Amelazwa juu ya jani la ndizi, kichwa kikielekea ndani.

Jumatatu karani aligonga muhuri bila kuuliza. Alisema tu kwamba mstari wa nne una unyevu, akapuliza.

Simone akawa na mahali pake. Papa Sylvain alimtunzia vikapu bila kuomba malipo, na vikajaa kupita vya wote. Kila asubuhi samaki mlangoni, juu ya jani. Majirani walinipongeza. Mimi nilikuwa nashindwa kula. Ningekuwa naibiwa ningepiga kelele. Ningepigwa ningekwenda polisi. Lakini mtu anayekuletea mema kila siku, unamshtaki wapi?

Baada ya wiki tatu nikaanza kumkuta mtoto anaamka na nywele zimelowa. Nilihamisha mkeka wake. Nililala nimemkumbatia, mlango umefungwa kwa komeo na meza. Nywele zililowa. Nilimuuliza. Alinijibu kwa furaha kwamba jirani anapita kumsalimia, na kwamba anajua majina ya samaki wote.

Siku moja nilimkata kucha. Nikashika kidole gumba chake, nikakigeuza kwenye mwanga.

Mistari ilikuwa imeanza kufutika.

Nilikimbia kwa maître Solange nikiwa nimembeba mtoto mgongoni, mkubwa vile. Sikujua nianze wapi, nikasema yote. Hakunicheka. Alitoa nakala ya karatasi, akaangalia alama ya nne. Alisema alidhani ni mtu wa chef wa ukoo, na kwamba kosa ni lake, alipaswa kunisikiliza vizuri siku ile ya simu. Si kosa lake. Nilimwambia hivyo, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Akanieleza kwamba mtoto anaweza kukataa urithi kwa kupitia mimi. Niliona mwanga. Mahali pachukuliwe, nitauza kwanga, mkate wa muhogo, barabarani, tutaishi. Lakini majirani wanne walikuwa wamemtambua kwa sahihi. Wale wale wanne walipaswa kukubali kwamba ametoka.

"Wote wane?" nikauliza.

"Wote wane, mama Simone. Sheria inanifikisha mpaka hapa tu."

Aliandika karatasi mpya palepale kwa mkono wake. Akanisindikiza mpaka barabarani na viatu vyake vya mahakama, ndani ya vumbi la soko.

Papa Sylvain na mama Marceline walitia sahihi wamesimama. Tonton Lionel alitia sahihi kabla sijamaliza kueleza. Nikamwambia mahali sasa patarudi kwake. Alisema hapataki, pakae bure mpaka miti ioze. Kisha akachukua kofia yake, akasema hataniacha peke yangu.

Tulingoja uani kwangu. Tonton alimpandisha Simone mabegani, akasema huko juu hakuna maji yanayofika. Alijaribu kumchekesha. Sauti yake ilikuwa inakatika. Jua likashuka. Harufu ikaja kwanza.

Alikuwa amesimama nje ya ua, shati jeupe, miguu imelowa.

Sikusema karibu safari hii. Aliingia tu. Alishakaribishwa.

Nikapiga magoti. Nikamnyoshea karatasi kwa mikono miwili, kama ninavyompa mtu mkubwa chakula. Nilimwambia mtoto ni mdogo, hajui kitu, kosa la kuandika ni langu. Kama anataka jirani, anichukue mimi.

Aliinama akaisoma yote. Aliisoma polepole, kama maître. Halafu akaikunja vizuri, akanirudishia mkononi.

"Hapana, mama."

"Nakuomba."

"Mimi sina na shida na jirani yangu. Ni mutoto muzuri. Anasalimiaka watu." Alinisaidia kusimama. Mkono wake ulikuwa baridi na mpole. "Usilie. Nitangoja akomee, akuwe mukubwa. Sina haraka."

Nilimtazama tonton. Midomo yake ilikuwa inasali, hakuna sauti. Juu yake Simone alipunga mkono, na mwanaume yule naye akapunga, kama watu wawili wanaoishi mtaa mmoja. Akaondoka kuelekea mtoni.

Maporomoko yakanyamaza. Yakarudi.

Tonton Lionel alimshusha mtoto. Nikamshika Simone kila mahali: nguo yake kavu, nywele kavu. Lakini shati la tonton lilikuwa limelowa mabegani, pale pale Simone alipokuwa amekaa. Alilivua, akalikamua. Maji yalitoka, yakatoka, mengi kuliko shati moja linavyoweza kubeba. Aliendelea kukamua akilia kimya kimya, mzee mzima, mpaka dimbwi likatufikia miguuni.

Simone aliniuliza kwa nini tonton analia.

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi. Niliendelea kuushika, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine nilichojua kufanya.