Mwanamke wa Kwenye Fulana

Fulana ilifika ikiwa na joto.

Si joto la jua, maana siku hiyo mvua ilishinda ikinyesha, na mleta vifurushi aliikabidhi mlangoni huku maji yakimchuruzika kwenye kofia. Lilikuwa joto la mwili, lile unalolikuta kwenye kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Kalamu aliuchana mfuko wa plastiki, akaitoa fulana, akagusa ukosi. Ulikuwa umelowa jasho. Aliposogeza pua, akapigwa na harufu ya mawaridi yaliyooza na nywele zilizoungua.

"Dada!" aliita. "Hawa watu wa kiwandani wametuletea fulana iliyovaliwa."

Jina la Kalamu alipewa utotoni, kwa kuwa hakuwahi kuona ukuta mweupe akauacha ulivyo. Mchana alikuwa fundi wa miwani, akisaga vioo katika duka la mzee mmoja asiyejua kutabasamu. Jioni aliketi mezani na kishikwambi chake akichora picha za kuuza kwenye fulana. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, akamwachia binti mdogo waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi kidevuni. Waliishi na dada yake mkubwa, aliyerudi kutoka kwenye ndoa iliyovunjika akiwa na begi moja na mdomo uliofungwa. Dada ndiye aliyesimamia duka lao la mtandaoni: yeye alipandisha picha, yeye alijibu wateja, yeye alibembeleza wenye hasira. Wenyewe hawakuwa na kitambaa wala mashine. Mteja akichagua picha, kiwanda kilichokuwa mji mwingine kiliichapa kwenye fulana moja, ile aliyoiagiza, kikamtumia huko huko aliko.

Hii moja walijiagizia wenyewe ili wakague rangi. Kalamu alikuwa amechora korongo anayevuka mto. Alipoikunjua fulana, korongo hakuwepo. Kifuani palikuwa na mwanamke aliyeketi kwenye kigoda, ametupa mgongo, nywele zimemshuka mpaka chini.

"Sikuichora hii," alisema.

Dada alikuja akijifuta mikono. Aliitazama fulana kitambo, kisha akacheka. "Umesahau? Uliichora ile wiki ya homa. Unatetemeka, na kalamu huachi. Mimi nikaiona nzuri, nikaipandisha. Kiwandani wamechanganya picha tu."

Kalamu naye akacheka. Mama yao alipofariki, ni Dada aliyemlea. Ndiye aliyemtafunia nyama kabla hajaota meno. Nani anamshuku mtu wa namna hiyo?

Makorongo ya Kalamu yalikuwa yamekaa dukani humo mwaka mzima bila kuulizwa hata bei. Mwanamke wa mgongo alikwenda kama njugu za moto. Na wateja, kama ilivyo desturi ya wateja wa mtandaoni, walijipiga picha wamevaa wakazituma: kijana kwenye ngazi za chuo, mwanamke mjamzito dirishani, mapacha wakitoa ndimi. Kalamu alizitazama kwa raha ya mchoraji, mpaka siku moja aliposita. Kwenye picha ya mjamzito, mwanamke wa kwenye fulana alionyesha sikio.

Alirudi kwenye zile za mwanzo. Mgongo mtupu. Akaenda kwenye za karibuni. Kwa mapacha alionyesha sikio na mfupa wa taya. Kwa kijana wa mwisho, ncha ya pua ilikuwa imechomoza.

"Dada, anageuka."

"Picha haigeuki, mdogo wangu. Ni mikunjo ya kitambaa. Macho yamechoka, kutwa unashinda na vioo vya watu."

Tangu hapo nyumba ikaanza kusikika. Mchana wa jua kali, Kidoti akiwa shuleni na majirani wakiwa makazini, Kalamu alisikia kutoka chumba cha Dada sauti ya kitana kikipita kwenye nywele ndefu, taratibu, kras, kras. Dada alikuwa amenyoa kipara tangu talaka yake.

Kisha watu wakaanza kumpotea. Au yeye akaanza kuwapotea watu. Kwanza ilikuwa simu, ambayo siku zote ilifunguka kwa kumtazama uso. Sasa ilimkataa, ikamkataa tena. Akaona ni ubovu wa simu. Baadaye mlinzi wa duka la miwani, waliyetaniana kila asubuhi, akamzuia mlangoni: "Samahani, mama, hatujafungua." Alidhani ni utani, akamsukuma begani, mlinzi akarudi nyuma na kushika rungu. Mzee mwenye duka alitoka, akamtazama kutoka juu mpaka chini kama mtu anayekagua kioo chenye ufa, akasema fundi wake hajafika na hajui kwa nini amechelewa.

"Fundi wako ni mimi!"

"Mama," alisema mzee kwa upole ambao Kalamu hakuwahi kuusikia kwake, "una mtu wa kukurudisha nyumbani?"

Alikwenda moja kwa moja kumchukua mwanawe shuleni, maana alihitaji kuitwa mama na mtu. Kidoti alitoka mbio na wenzake, akampita. Akamwita. Mtoto akageuka, akautazama uso wake kwa makini, na Kalamu akaona kitu ambacho mzazi hapaswi kukiona: mtoto wake akirudi nyuma hatua kwa hatua, ameukumbatia mkoba, akimtafuta mwalimu.

"Sauti ni ya mama," alisema Kidoti, "lakini wewe si mama."

Dada ndiye aliyekuja kumchukua mtoto. Akamkumbatia Kalamu mbele ya watu wote, akamwita jina lake, akamfuta machozi. "Mimi nakujua," alimnong'oneza. "Hata ulimwengu mzima ukikusahau, mimi nakujua." Na Kalamu akamng'ang'ania kama mtu anayezama, akimshukuru Mungu kwa kumwachia mtu mmoja.

Jioni hiyo, Dada akiwa anamwogesha mtoto, Kalamu alifungua duka lao kwenye kishikwambi. Kati ya sifa na maswali ya wateja alikuta ujumbe uliofika muda si mrefu, ambao Dada hakuwahi kuufuta.

"Ninyi wenye duka, huyu mwanamke ni nani? Fulana yenu inapumua. Mama yangu anatibu mambo haya. Ameniambia niwatafute. Anasema sura hii ina mwenyewe, na mwenyewe hajui."

Chini yake palikuwa na anwani. Kesho yake asubuhi Kalamu aliifuata.

Mtabibu alikaa chumba cha juu, juu ya duka la matairi, naye hakuwa na vitisho vyovyote: mama mnene mwenye kikohozi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kalamu alimwamkia. Mtabibu akaitikia, akamshika kidevu na kuugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Limebaki shavu la kushoto na jicho lake," alisema. "Huyo jini hakuvunja mlango, binti. Amekaribishwa. Aliomba sura ya kuvaa apate kuingia kifuani mwa watu, na mtu akampa yako. Akimaliza kugeuka, hutasahaulika sura tu. Utasahaulika wewe. Mwanao atakua akijua hakuwahi kuwa na mama."

"Nani angenifanyia hivyo?"

Mtabibu alikohoa kwanza. "Nani bado anakutambua?"

"Dada," alisema Kalamu, kisha akalisikia alilolisema.

Kalamu na mtabibu walifika nyumbani mchana, jua la utosi, taa zote za dunia zimewaka na hakuna pa kujificha. Kidoti alikuwa amelala sebuleni baada ya kurudi shule. Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti ya kitana, kras, kras, na juu yake sauti ya Dada, ndogo, ya heshima, ile ambayo mke mwoga humsemesha mume mkali: "Bado kidogo, bwana wangu. Kesho, keshokutwa. Usinisukume."

Kalamu alisukuma mlango, akasimama kizingitini, kwa maana fulana ile ya kwanza, ile iliyofika na joto, ilikuwa imekaa kitini bila mtu na bado imejaa, mabega yamejaa, tumbo linapanda na kushuka, ukosi unatoa mvuke wa jasho, na juu ya ukosi hapakuwa na shingo wala kichwa ila nywele, nywele nyingi zinazoning'inia hewani pasipo pa kushikia, na nyuma yake Dada amesimama na kipara chake, machozi yanamtoka, mkono unachana, unachana, kama mtu ambaye mkono wake si wake tena; na kifuani mwa fulana yule mwanamke alikuwa amegeuka karibu mzima, akimtazama Kalamu kwa jicho la Kalamu.

"Dada," alinong'ona. "Ni wewe?"

Dada hakukana. Afadhali angekana.

"Niliahidiwa duka litakwenda," alisema. "Akasema anataka sura tu. Sura, nikajiuliza, sura ni nini? Wewe una mikono, una kazi, una mtoto anayekuita mama. Mimi nilikuwa na nini? Begi. Watu wanasifu kalamu yako, mimi ninaitwa 'yule anayemsaidia'."

"Ungempa yako!"

"Niliogopa."

"Na mimi? Kwa nini mimi, Dada?"

Dada alimtazama kwa mapenzi yale yale ya siku zote, na hilo ndilo lililouma kuliko yote. "Kwa sababu nilijua utanisamehe."

Mtabibu alikwisha kuwasha ubani kwenye kijungu na kuuzungusha chumbani huku akisoma kwa chini. Nywele zilianza kujikunja kama zimeguswa na moto. Harufu ya kuungua ilijaa mpaka macho yakawasha. "Kilichotolewa kwa ulimi hurudishwa kwa ulimi," alimwambia Dada. "Sema: natengua. Na useme unampa nini, maana huyu hatoki mikono mitupu. Taja sura uliyo na haki nayo. Unayo moja tu."

"Natengua," alisema Dada, meno yakigongana. "Natengua sura ya mdogo wangu."

Fulana ikasimama. Haikuwa na miguu, lakini ilisimama, na sauti ikatoka ndani ya kitambaa, kavu kama pamba inayochanika: "Nipe nyingine."

"Taja jina lako," alisema mtabibu. "Haraka."

Dada alitazama fulana, akamtazama mtabibu. Kisha macho yake yakateleza, yakapita bega la Kalamu, yakatoka mlangoni, yakaenda mpaka sebuleni kwenye mkeka alipolala mtoto. Kalamu aliyaona yakienda. Mtu aliyelelewa na mtu huijua midomo yake kabla haijatoa neno, na Kalamu aliiona midomo ile ikijipanga kulitamka jina la mwanawe: ulimi ukipanda kaakaani, pumzi ikivutwa.

Akaruka. Akamziba Dada mdomo kwa viganja vyote viwili, wakaanguka pamoja, na hapo sakafuni, uso kwa uso na mtu aliyemtafunia nyama, huku meno ya Dada yakimuuma vidole na fulana ikiwainamia wote wawili kwa joto lake na mawaridi yake yaliyooza, kitu ndani ya Kalamu kikakatika ambacho mpaka dakika hiyo kilikuwa kikitafuta namna ya kusamehe.

"Mchukue aliyekuita!" alipiga kelele. "Ndiye mwenye mkataba! Mchukue yeye!"

Fulana ilianguka kama nguo inavyoanguka. Ilipoa.

Mtabibu aliiokota kwa koleo, akaitia kwenye moto uani, akasimama hapo mpaka ikawa jivu. Kalamu alibaki sakafuni amekaa, vidole vinavuja damu, asijue nani amemuuma. Kando yake alilala mwanamke mgeni, kipara, akilia. Kidoti aliamka kwa makelele, akaja akijifikicha macho.

"Mama," alisema, akamrukia shingoni. Kisha akamnyooshea kidole yule mwanamke. "Huyu nani?"

Kalamu akamsaidia mgeni kusimama, akampa maji, akamfungulia mlango.

Mzee wa miwani alimpokea kwa matusi kwa kuchelewa kazini, naye akayapokea matusi hayo kama maua. Duka la mtandaoni alilifunga. Hakukumbuka vizuri nani alikuwa akimjibia wateja. Akiulizwa kama ana ndugu, husema alizaliwa peke yake.

Yule mwanamke huja. Hubisha hodi mchana, husimama kibarazani na kusema, "Mdogo wangu, ni mimi," na kueleza mambo mengi ya utotoni, ya mama aliyekufa, ya nyama. Kalamu humsikiliza kwa huruma, maana maskini anaonekana ameteseka. Humpa alichojaliwa jikoni. Humwambia, "Umekosea nyumba, mama," na hufunga mlango polepole asimuumize.

Lakini akishafunga hawezi kuondoka hapo. Huegemea mlango, akalia kwa uchungu ambao hana wa kumdai: uchungu wa mtu aliyeuzwa na kipenzi chake. Hutafuta moyoni mwake ni nani aliyemtenda hivyo, ili amchukie, au amsamehe yaishe. Hutafuta mpaka machozi yanakauka.

Hamwoni mtu.