Pamba Isiyoshika Moto

Jumanne moja ya Oktoba 1997, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Afisa Kazi Nehemia alifungua kopo la maziwa ya unga katika zahanati moja ya Gungu, akakunja uso. Jumamosi alikuwa amelijaza pamba ya kijivu iliyobanduliwa kwenye boila la meli kuukuu, katika karakana moja ya Bangwe. Aliilowesha kwanza ili vumbi lisiruke, akafunga kopo kwa kamba, akamkabidhi Nesi Agnesi alifungie kabatini. Sasa iliyokuwamo ilikuwa kavu.

Alichomoa kipande kwa koleo, akawasha kiberiti. Kikawaka.

"Pamba ya asbesto haishiki moto," alisema polepole. "Hii ni sufi ya mto wa kulalia."

Agnesi alishika kichwa. "Na treni ya Dar inaondoka leo!"

Pamba nyingine yote ilikuwa imeshafukiwa, na meli imeondoka. Bila kopo lile, maabara ya Dar isingethibitisha kwamba Mzee Bonaventura, aliyebandua maboila miaka ishirini na sita, aliharibiwa mapafu na kazi yake. Asingetibiwa kwa gharama ya mwajiri, na wenzake wangeendelea kukwangua bila hata kitambaa cha pua.

"Nani aliingia humu jana?"

"Wawili tu. Leodgar, nyapara wa karakana, nilimfunga vidole. Alikatwa na bati. Halafu Mzee Bonaventura, dawa ya kikohozi. Kila mmoja nilimwacha kidogo nikachote maji. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa. Nisamehe, afisa."

Saa tatu Nehemia alimkuta Leodgar karakana.

"Umekuja kunifunga?" Leodgar alicheka. "Pamba tu hiyo! Yule mzee ameharibiwa na sigara."

"Hajavuta hata moja. Nionyeshe mkono."

Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa pamoja kama fungu la mchicha. Nehemia alitoa kamba ya kopo. Fundo la mwizi lilikuwa bado juu yake, dogo, limekazwa kwa mikono miwili.

"Funga hivi."

"Unanitania? Leo hata vifungo vya shati kanifunga mke wangu!"

Nehemia alikunja kamba. Alitamani mno mwizi awe Leodgar, si yule wa pili.

Saa nne alibisha kwa Mzee Bonaventura. Mzee alikuwa ameketi mkekani. Mkwewe Heritier alimshikia kikombe cha uji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ile pamba ilikuwa ushahidi wako. Kwa nini umeiba ugonjwa wako mwenyewe?"

Mzee alikohoa hadi machozi yakamtoka. Kisha akamwangalia Heritier.

"Huyu alivuka ziwa kutoka Kongo, akamuoa Skolastika wangu. Karakana wasingemwandika mkimbizi. Nikampa jina la marehemu mwanangu, Anatoli. Sasa wanajeshi wanakusanya wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi. Binti yangu abaki na watoto wawili peke yake?"

"Maabara haiulizi majina."

"Maabara, sawa. Na wewe? Ikithibitika, hutaita daftari la wafanyakazi, ukalione jina la marehemu?"

Nehemia alijua jibu. Angeliita, ndiyo kazi yake.

"Iko wapi?"

"Kwenye mfuko. Chini ya kitanda cha wajukuu."

"Cha watoto!" Hapo Nehemia alipaza sauti. "Ikikauka, vumbi lake halionekani! Wanalivuta usiku kucha! Miaka ishirini baadaye watakohoa kama wewe! Hata nguo za kazi anazofua Skolastika zimejaa hilo vumbi!"

Kikombe kilimponyoka Heritier. "Baba, uliniambia umeitupa ziwani."

"Nilifikiri ipo siku tutaihitaji," mzee alinong'ona.

Heritier alichovya kanga kwenye ndoo, akajifunga puani, akaingia chumbani na dumu la maji. Alitoka na mfuko unaodondosha maji, akauweka miguuni pa Nehemia.

"Ukiita daftari, usiite Anatoli. Yeye alizikwa. Andika Heritier."

"Watakuchukua, mwanangu!"

"Kambini mtu anatoka, Baba. Hii kitu ikiingia kwenye mapafu, haitoki."