Chapa ya Pili

Chubwi, chubwi, chubwi. Ndiyo sauti iliyomwamsha Batula kila alfajiri nyumbani kwao, nje kidogo ya Garsen: Bibi akisukasuka kibuyu cha maziwa apate siagi. Siku hiyo Batula hakungoja kuitwa. Alinyata nje, akachukua chuma cha kutilia ng'ombe chapa, akakizika kwenye makaa.

Ukutani ilitundikwa ngozi ya fahali mwekundu. Ami Abdirizak, mdogo wa marehemu babake, ndiye aliyekuwa akimlea Batula. Alikuwa amemchinja fahali huyo, mali yake mwenyewe, kisha jirani yao Galma akadai kuwa ni wake, ameibwa malishoni. Ami akakamatwa. Tegemeo lake lilikuwa ngozi ile, kwani pajani ilikuwa na chapa ya nyumba yao: duara na mistari miwili.

Magharibi ya jana yake alikuja Koplo Kaviha wa polisi kwa miguu. Alimwona Bibi akikohoa, akambebea mtungi wa maji hadi ndani. Kisha akaimulika ngozi kwa tochi.

"Msiiguse, hata kuipangusa vumbi," alionya. "Kesho narudi na gari niipige picha, niifunge na kuiandikia nambari."

Lakini Batula alikuwa ameitazama mchana. Chapa ilikuwa imefifia, manyoya yameifunika. Hakimu ataionaje? Kwao, chapa ya ng'ombe ikififia huchomwa upya, na hakuna anayeuita huo uongo. Akakikandamiza chuma. Tsss! Duara likatokea, jeusi.

Koplo alikuja, akaichukua ngozi. Hakutambua tofauti, kwani jana aliiona kwa tochi tu. Batula akanyamaza, akifurahi moyoni.

Mahakamani, daktari wa mifugo aliigeuza ngozi mara mbili.

"Mheshimiwa, chapa ya ng'ombe aliye hai hupona ikaacha kovu," alisema. "Hii imechomwa mnyama akiwa amekwisha kufa."

"Si niliwaambia?" Galma alidakia. "Mwizi, tena mghushi!"

Ami aliduwaa. Batula akasimama. "Ni mimi! Ami hajui lolote!"

Hakimu alimwita mbele, akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini ulifanya hivyo, mwanangu?"

"Nilitaka uione vizuri."

Hakimu alivua miwani. "Nimeamini kwamba ami yako hakughushi. Lakini kovu la zamani limeungua. Ngozi hii haiwezi tena kunieleza fahali alikuwa wa nani."

Ngozi ikawekwa kando. Galma alikuwa na mashahidi wawili. Ami hakubaki na kitu. Akafungwa miezi minane.

Shuleni, Kuno, mwanafunzi mwenzake, alimcheka mbele ya darasa zima. "Fundi wa chapa! Njoo unitilie na daftari langu, lisipotee!" Batula aliinamisha kichwa.

Koplo Kaviha ndiye aliyempelekea Bibi habari ya siku za kutembelea wafungwa, na akawatafutia gari. Huko gerezani walimkuta Ami amekonda, kola ya shati imempwaya shingoni.

"Ami, nisamehe."

"Nilikusamehe palepale uliposimama. Watu wazima wangapi wangethubutu?" Akatazama mikono yake. "Lakini sikiliza. Ng'ombe akipotea, tunafanya nini kwanza?"

"Tunafuata nyayo zake."

"Na mtu akizikanyaga?"

Batula alifuta machozi. "Hatuwezi kumpata."

"Hata kama alizikanyaga akimtafuta kwa mapenzi. Ushahidi ndio nyayo zenyewe, mwanangu. Uache ulivyo, hata ukiuona umefifia. Ukiambiwa usiguse, usiguse. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ungemwambia Koplo asubuhi ile, huenda daktari angetafuta mapema njia nyingine ya kuonyesha fahali ni wa nani."

Bibi alisogea karibu. Aliupitisha mkono wake kwenye nafasi ya wavu uliowatenganisha, akamgusa mwanawe kidole kimoja. Askari wa gereza aliona, akageuka akatazama dirishani.

Kisha kengele ikalia. Ami aliinuka aende, kisha akarudi hatua moja.

"Batula, utakuja tena? Usilete kitu. Njoo tu."