Diski ya Tatu

Macho yake yalifunguka, lakini mwenyewe hakuwamo. Mkewe, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akichana nywele, aliyaona yakitazama dari, makavu, hayapepesi, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Akamwita. Macho yakatikisika, mtu akarudi, akauliza kama kuna chai.

Jambo dogo tu. Mke alilicheka na kuendelea na nywele zake.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine za kutoa nakala, lakini roho yake ilikuwa kwingine. Kila mfumo mpya wa kompyuta uliotoka, bado mbichi, bado una kasoro, alitaka kuwa wa kwanza kuuweka na kuusumbua hadi uvunjike. Kazini walimpachika jina la Majaribio, na hata nyumbani likamganda. Chumba cha nyuma kilijaa kompyuta kuukuu zilizofunuliwa matumbo. Mkewe, fundi cherehani, alipenda kuwaambia wateja kwamba yeye ni mke mdogo; mke mkubwa ana waya mgongoni.

Majaribio hakuwa na kawaida ya kufuta mfumo wa zamani. Aliuweka mpya pembeni yake, mifumo miwili ndani ya mashine moja. Ukiiwasha, mashine husimama sekunde chache kwenye ukurasa mweusi, ikisubiri uchague. Usipochagua, inajichagulia yenyewe.

Wiki ile alikuwa amepata mtandaoni mfumo usio na jina la mtengenezaji. Ulimuuliza auweke kwenye diski ipi. Mashine ilikuwa na diski mbili. Kioo kilionyesha tatu, na ya tatu iliandikwa jina lake la utotoni, ambalo marehemu mama yake tu ndiye aliyelijua. Mtu mwingine angechomoa waya ukutani. Majaribio alicheka kwa raha, maana kasoro tamu kama ile haipatikani kila siku. Akachagua ya tatu. Papo hapo akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Aliinusa mashine, haikutoka huko.

Siku chache baadaye mke aliwahi kuamka amalizie gauni la mteja, akamwacha mume kitandani. Hakuna aliyemwita.

Alisikia mlio chumba cha nyuma, krr, krr, bisibisi ikizungushwa bila haraka. Akaingia na kikombe cha chai. Paka wao alikuwa juu ya meza, amefunguliwa. Viungo vyake vilipangwa kwa safu, vidogo huku, vikubwa kule, jinsi mumewe alivyopanga skrubu asije akazipoteza.

"Huyu mdogo mno," mume alisema bila kugeuka, kwa sauti iliyotoka tumboni. "Nataka mkubwa kidogo."

Akaanza kwenda chumba cha binti yao, mtoto wa chekechea, aliyekuwa bado amelala.

Mke alimmwagia chai usoni, ngozi ikavimba na macho yasifumbe, ngumi ikatua tayani mwake, akausikia mfupa ukikatika ndani ya kichwa chake mwenyewe, akaanguka, akamwona akimruka kama anavyorukwa mbwa mlangoni, akanyakua mkasi wa kushonea akamzamishia kwenye nyama ya mguu na kuung'ang'ania, akaburuzwa naye korido nzima, damu zao mbili zikichora mstari mmoja sakafuni, hadi mkono wake ulipokuta pasi ya chuma chini ya meza ya cherehani, akajiinua, akaishusha kisogoni mwa baba wa mtoto wake kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Mume akaanguka. Mtoto hakuamka.

Shemeji yake, mdogo wa mume, aliyeishi nyumba ya pili, alikuja akamfunga kaka yake kwa nyaya za kompyuta. Kisha akamleta mganga, mama mmoja mnene mwenye miwani, asiye na mbwembwe. Alifukiza ubani na kuliuliza jini lililokuwa ndani ya Majaribio kwa nini limevamia.

"Sikuvunja mlango. Nilionyeshwa pa kukaa."

"Mwenye nyumba hakujua anachokubali."

"Huwa hawajui," likajibu, likacheka hadi meno mawili ya Majaribio yakapasuka.

Walipambana hadi alasiri. Majaribio alitapika nywele na damu, akajigonga sakafuni hadi paji la uso likachanika. Mwisho ukatoka ukelele uliopasua vioo vyote vya chumba cha nyuma, na ile harufu ikakatika. Shemeji akaipiga mashine nyundo hadi ikawa unga.

Hospitali ilifunga taya la mke kwa waya, meno ya juu na ya chini. Mtoto akapelekwa kwa shangazi yake. Shemeji akahamia sebuleni.

Kesho yake macho ya Majaribio yakafunguka, na mwenyewe hakuwamo. Shemeji akamwita, akarudi. Alipoelezwa, Majaribio aliufunika uso kwa viganja.

"Kosa la wanaoanza," alisema. "Unaufuta mfumo, unausahau ukurasa wa kuchagua. Mashine inaendelea kusubiri."

"Inamsubiri nani, na yule ametoka?"

"Yeyote aliye karibu."

Mganga alisema wazi kwamba kumtoa mpangaji anajua. Kuuziba mlango hajui. Walijaribu kummwagia maji, kumtikisa, kumwita kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Hakupepesa. Alitaka jina lake kutoka kinywa hai, basi. Hivyo kila asubuhi shemeji alimwita, na walianza kuzoea.

Hadi asubuhi ambayo shemeji alitoka kununua mkate, na Majaribio akawahi kuamka.

Macho yakafunguka. Mke akaguna nyuma ya waya, akaguna tena, akapiga ukuta kwa kiganja, na harufu ya nywele zinazoungua ikaanza kupenya chumbani polepole kama mgeni anayejua njia, na vidole vya mumewe vikaanza kupapasa shuka, vikitafuta bisibisi, naye akapiga magoti akavuta sanduku la zana chini ya kitanda, akatoa koleo, akaingiza ncha zake katikati ya midomo, akakata waya wa kwanza pamoja na ufizi, akakata wa pili, wa tatu ukang'oka na jino, mfupa ukafunguka upya, na kutoka katika shimo lile la damu akalitoa jina, silabi moja moja.

"Majaribio."

Akapepesa. Akageuka, akamtazama, uso ukamvunjika.

"Mke wangu. Nani kakufanya hivi?"

Mke alikilaza kichwa kifuani pake, akamlowanisha.

Mchana ule hospitali ilimfunga tena, safari hii kwa waya mnene zaidi. Shemeji aliapa kutotoka tena nje kabla ya kumwita. Majaribio aliketi kando ya mkewe, amemshika mkono, akinywa kahawa kikombe juu ya kikombe.

Jua lilipozama, alipiga mwayo.